Maisha ya Profesa Carl Shoup, Mwalimu wa Elimu ya Kodi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya maisha ya mtu ambaye kazi yake inafanana na yetu. Mara nyingi wasemaji wapewao ruhusa ya namna hii huchagua majemadari na wafalme, nasi twapenda kuzisikia habari zao. Lakini leo tumemchagua mwalimu mmoja wa Marekani, jina lake Carl Shoup, ambaye kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini alishughulika na jambo moja, yaani kodi: atozwe nani, atozwe kwa kipimo gani, na kwa njia gani hata asione ya kuwa ameibiwa.

Wako miongoni mwetu wasemao ya kuwa kodi haina elimu. Wao huona ni kazi ya kuchukua tu, na karani hodari ni yule afungaye mwezi akiwa na fedha nyingi katika sanduku. Twawaomba ndugu hao wavumilie kidogo. Maisha ya Profesa Shoup yalimfikisha katika nchi moja ambako kodi ilitozwa hasa kwa imani hiyo, na mambo aliyoyakuta huko yatatujibu vizuri kuliko maneno yetu.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika mji wa San Jose, jimbo la California. Baba yake, Paul Shoup, alikuwa mtu wa reli, akapanda cheo hata akawa mkuu wa kampuni ya Southern Pacific. Kijana alisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, akahitimu mwaka 1924, kisha akavuka bara zima kwenda New York, akaingia Chuo Kikuu cha Columbia. Alianza kufundisha huko mwaka 1928, akapata shahada ya udaktari mwaka 1930, wala hakuiacha kazi hiyo ya ualimu mpaka mwaka 1971.

Alipofika Columbia aliwakuta walimu wawili ambao yatupasa kuwataja. Wa kwanza ni Edwin Seligman, mzee wa elimu ya kodi, aliyefundisha ya kuwa kila mtu alipe kwa kadiri ya uwezo wake. Wa pili ni Robert Haig. Huyu mwaka 1921 aliuliza swali lionekanalo jepesi: mapato ni nini? Akajibu ya kuwa mapato ni ongezeko la uwezo wa mtu kati ya tarehe moja na nyingine. Tuone maana yake. Karani apokeaye mshahara, mapato yake yaonekana na kila mtu, kwa kuwa yameandikwa. Lakini tajiri ambaye nyumba zake zimepanda bei hana karatasi ya mshahara, walakini uwezo wake umeongezeka. Ikiwa kodi yatozwa juu ya kile kionekanacho tu, mzigo wote utamwangukia yule asiyeweza kuficha. Marekani yenyewe haikupata kodi ya mapato ya kudumu mpaka Katiba ilipogeuzwa mwaka 1913, kwa hiyo maswali hayo yalikuwa bado mabichi wakati Shoup alipokuwa mwanafunzi.

Kwa kitabu chake cha udaktari alichagua kuchungua kodi ya mauzo ya nchi ya Ufaransa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wafaransa waliweka kodi juu ya kila mauzo, nayo ilikuwa na kasoro ambayo twataka kuieleza kwa mfano wetu wenyewe. Tuseme mwenye kiwanda cha uzi auza uzi wake kwa shilingi 10. Mfumaji aufuma, auza kitambaa kwa shilingi 16. Mwenye duka amwuzia mnunuzi kwa shilingi 25. Ikiwa kila mauzo yatozwa sehemu moja katika kumi, serikali itapata shilingi 1, tena shilingi 1 na senti 60, tena shilingi 2 na senti 50: jumla shilingi 5 na senti 10. Lakini tajiri mmoja akikusanya uzi, ufumaji na duka chini ya paa moja, atauza mara moja tu, naye atalipa shilingi 2 na senti 50. Nguo ni ile ile na bei ni ile ile, lakini mafundi wadogo watatu wametozwa maradufu ya tajiri mmoja. Kodi ya namna hii huwaua wadogo polepole, hata kama mwenye kuiandika hakukusudia hivyo. Mfano huu tuuweke akilini, kwa maana tutaurudia.

Katika miaka iliyofuata, alipokuwa bado kijana wa miaka thelathini hivi, alikwenda Kuba pamoja na mwalimu wake Seligman kuchungua mapato ya serikali ya kisiwa hicho, na taarifa yao ikatoka mwaka 1932. Mwaka 1934 yeye na Haig walitoa kitabu juu ya kodi za mauzo zilizokuwa zikiwekwa na majimbo ya Marekani katika siku za dhiki kuu. Mwaka huo huo aliitwa Washington na Hazina ya Serikali, na tangu hapo akawa mmoja wa washauri wake kwa vipindi kadha wa kadha. Hiyo ndiyo miaka ambayo kodi ya mapato ya Marekani ilitoka katika nyumba za matajiri ikaingia katika nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1939 waliolipa walikuwa kama watu milioni 4. Mwaka 1945 walikuwa zaidi ya milioni 40. Ilibidi tangu mwaka 1943 kodi ikatwe katika mshahara kabla haujamfikia mwenyewe. Sisi tupokeao mishahara twaijua desturi hiyo bila kuelezwa.

Sasa tufike Japani, ambako kazi yake kubwa ilifanyika.

Japani ilishindwa vitani mwaka 1945, ikakaliwa na majeshi chini ya Jemadari Douglas MacArthur. Miji ilikuwa imeungua na bei za vitu zilipanda bila kikomo. Mapema mwaka 1949 alikuja Joseph Dodge, mtu wa benki kutoka Detroit, akaamuru serikali isitumie zaidi ya kile ipatacho, na fedha ya Kijapani ikawekwa katika kipimo cha yen 360 kwa dola moja. Dawa hiyo ilikuwa kali. Kodi ilitozwa kwa nguvu nyingi, na watu wakanung'unika sana. Ndipo MacArthur alipomwita Profesa Shoup. Akaja mwezi wa Mei mwaka 1949 na wenzake, wote pamoja wakiwa watu saba, wakakaa hata Agosti. Mmoja wao alikuwa William Vickrey, ambaye baadaye, mwaka 1996, alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi.

Wageni hao hawakukaa Tokyo tu wakisoma majalada. Walisafiri mikoani, wakaonana na maafisa wa kodi, wakulima na wafanya biashara, na walichokikuta ni hiki. Tangu mwaka 1947 sheria iliagiza ya kuwa mwenye biashara ajiandikie mwenyewe hesabu ya mapato yake na kodi impasayo. Sheria ilikuwa nzuri. Lakini kila afisi ya kodi iliwekewa kiasi cha fedha iliyopaswa kukileta. Karani alikwisha kujua jumla kabla hajazitazama hesabu. Tuseme aliambiwa kuleta elfu mia, na watu wake, kwa walivyojiandikia, walifika elfu sitini. Afanye nini? Aliwapandishia watu kodi mpaka ile elfu mia ikatimia. Alimpandishia nani, na kwa sababu gani? Sababu hakuwa nayo, maana wenye maduka wengi hawakuwa na daftari, naye hakuwa na nafasi ya kuchungua.

Mabwana, tutazame jambo hili lilivyozaa. Mwenye duka alijua ya kuwa atapandishiwa tu, basi aliandika chini ya kweli. Karani alijua ya kuwa imeandikwa chini ya kweli, basi alipandisha. Aliyesema kweli tupu ndiye aliyeumia kuliko wote, kwani naye alipandishiwa pamoja na wengine. Katika hali hiyo uaminifu ulikuwa hasara. Na makarani wenyewe? Wengi walikuwa vijana walioajiriwa juzi, mafunzo yao kidogo, mishahara yao midogo, wakichukiwa na watu mchana kutwa. Fedha ilikuwa ikiingia katika sanduku, naam; lakini heshima ya serikali ilikuwa ikitoka kwa mlango wa pili.

Taarifa ya Shoup ilitolewa Septemba 1949. Ilishauri kwanza ya kuwa desturi ile ya kuwekea afisi kiasi iondolewe, na kila mtu apimwe kwa hesabu yake mwenyewe. Pili ilishauri jambo ambalo sisi twaliona kuwa la hekima kuliko yote. Mwenye biashara akubaliye kuweka daftari kwa kanuni zilizowekwa apewe fomu ya rangi ya buluu, na kwa fomu hiyo apate haki ambazo mwenye fomu nyeupe hana. Karani asiweze kumpandishia kodi pasipo kulisoma daftari lake. Tena akimpandishia, aandike sababu. Na mwaka akipata hasara, aruhusiwe kuitoa katika faida ya miaka ijayo. Mwaona, ndugu, mapatano yalivyo. Serikali haikusema tu, "Weka hesabu, la sivyo utaadhibiwa." Ilisema, "Weka hesabu, nasi tutafungwa na hesabu yako." Karani naye alipata kinga, kwani mtu aandikaye sababu ya tendo lake hana haja ya kuogopa akiulizwa.

Mashauri mengine yalikuwa mengi. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilikuwa 85 katika mia; Shoup alishauri kishuke hata 55, kwa kuwa aliona kiwango kikubwa mno huwafundisha matajiri kuficha. Ili matajiri wasipone kwa njia hiyo, aliweka badala yake kodi ndogo ya kila mwaka juu ya mali yote ya mtu iliyozidi yen milioni 5, kuanzia nusu katika mia hata 3 katika mia. Faida ya kuuza hisa na mashamba itozwe kama mapato mengine. Miji na vijiji vipewe kodi vyao wenyewe, hasa kodi ya ardhi na nyumba, na mahali palipo maskini pasaidiwe na fedha ya serikali kuu kwa kipimo kinachojulikana, pasiwe pa kuomba-omba mwaka hata mwaka. Tena taarifa ilionya ya kuwa mashauri hayo yamefungamana kama nguzo na mapaa, na akitoa mtu moja asishangae nyingine zikilegea.

Shauri moja lilikuwa geni duniani. Kwa ajili ya mikoa alipendekeza kodi ya ongezeko la thamani. Turudie mfano wetu wa nguo. Mwenye kiwanda cha uzi atozwe juu ya shilingi zake 10. Mfumaji atozwe juu ya shilingi 6 tu alizoongeza. Mwenye duka juu ya shilingi zake 9. Jumla ni shilingi 25, na sehemu ya kumi yake ni shilingi 2 na senti 50, sawasawa na yule tajiri mwenye paa moja. Ile kasoro aliyoiona Ufaransa akiwa mwanafunzi sasa alikuwa ameipatia dawa. Japani nayo ilikuwa imeweka kodi ya kila mauzo mwaka 1948. Kwa ushauri wake ikafutwa.

Na sasa yatupasa kusema mwisho wa mambo hayo kwa haki, maana si yote yaliyodumu. Serikali ya Japani ilitunga sheria nyingi kwa kufuata taarifa, na Shoup akarudi mwaka 1950 kuitazama kazi. Lakini baada ya utawala wa majeshi ya kigeni kwisha mwaka 1952, nguzo zilianza kutolewa moja moja. Kodi ya mali iliondolewa mwaka 1953, na faida ya kuuza hisa ikaachwa bila kutozwa mwaka huo huo. Bali kile kiwango cha juu kilichoshushwa kilipandishwa tena kwa sehemu ndogo tu, basi matajiri wakapata nafuu pande zote mbili. Kodi ya ongezeko la thamani ilipitishwa katika sheria mwaka 1950, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hata mwaka 1954 ikafutwa bila kutozwa hata siku moja. Makampuni yenye watu wengi wa kulipwa yaliogopa, kwani yangetozwa hata mwaka wa hasara. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1954 Ufaransa ilianza kodi ya namna hiyo, na kutoka huko ikaenea duniani. Kenya iliipokea mwaka 1990, Uganda mwaka 1996, na Tanzania mwaka 1998. Japani yenyewe iliirudia kwa sura nyingine mwaka 1989, kwa 3 katika mia, na tangu mwaka 2019 ni 10 katika mia.

Lakini fomu ya buluu haikufutwa. Ipo hata leo. Kodi ya ardhi na nyumba ya miji na vijiji ipo hata leo. Sisi twaona sababu yake. Mambo yaliyoanguka yalikuwa na adui wenye nguvu, wala hayakuwa na rafiki aliyeona faida yake kwa macho. Fomu ya buluu ilikuwa na rafiki katika kila mtaa: mwenye duka aliyejua ya kuwa daftari lake linamlinda.

Shoup hakukoma hapo. Baada ya mtawala wa nguvu wa Venezuela kuondolewa mwaka 1958, aliongoza tume iliyochungua fedha za nchi ile, ambayo mapato yake yalitegemea mafuta ya ardhini, na kitabu chao kikatoka mwaka 1959. Afrika nayo ilimwona: taarifa ya tume yake juu ya kodi za Liberia ilichapishwa mwaka 1970. Mwaka 1969 alitoa kitabu kikubwa juu ya fedha za serikali, kilichokusanya elimu ya maisha yake. Mwaka 1989, alipokuwa na miaka zaidi ya themanini, kulichapishwa makala yake akiitazama upya ile safari ya Japani. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 2000 katika jimbo la New Hampshire, umri wake miaka 97. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa Japani, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama. Nchi iliyoyafuta mashauri yake kadha ndiyo iliyotunza maandishi yake.

Basi, ndugu zetu wasemao ya kuwa karani hodari ni yule aletaye fedha nyingi, tumewaletea ushahidi. Japani ya mwaka 1949 ilikuwa na makarani walioleta kila walichoagizwa, na kwa ajili hiyo hasa mkono wa serikali ulichukiwa. Wakubwa wana haki kutuuliza tumekusanya kiasi gani. Lakini ikiwa jumla yaamuliwa kabla hesabu haijasomwa, basi karani hahesabu tena. Anabahatisha, na mwananchi aliye mnyonge ndiye alipaye gharama ya kubahatisha huko. Na mnyonge huyo ndiye jirani yetu, na mjomba wetu, na mama auzaye samaki sokoni.

Twatoa mashauri mawili, nayo twayaweka mbele ya mkutano yajadiliwe. La kwanza, Halmashauri ianzishe darasa la jioni la kuweka daftari, na mlango wake uwe wazi kwa wafanya biashara wadogo pamoja na makarani, wakae benchi moja. La pili, chama kiombe kwa wakubwa, kwa adabu na kwa maandishi, ya kuwa kila mara mtu akipandishiwa kodi au ada, sababu iandikwe katika karatasi apewayo, kwa lugha aisomayo, pamoja na jina la cheo aliyeamua. Wengine watasema hili litatuongezea kazi. Kweli litaongeza. Lakini karani aliyeandika sababu aweza kutembea sokoni baada ya saa za kazi akasalimiwa.

Bwana Rais, hapo tumefika mwisho. Wenye maswali twawasubiri, na wenye kupinga twawasubiri zaidi.